Lile boksi siyo sipiyu

Shoga yangu Zuhura,

Salamu tele, huku hatujambo, mvua tu ndiyo imetushinda. Kilichonishikisha kalamu ni ile karatasi ya somo la Jumamosi, la watoto kufungua kompyuta, uliyompa Mbwana. Nzuri, ila pale ulipochora boksi zima ukaandika "sipiyu", futa! Najua mtaa mzima tunaliita hivyo, mafundi wakiwemo. Lakini watoto wakifungua wakakuta sipiyu yenyewe (CPU, kinachopiga hesabu za kompyuta) ni kidude cha mraba kinachoenea kiganjani, kimejificha chini ya feni, utawaambiaje? Andika kasha.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde 10 umeme uliobakia uishe. Pawasaplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, waitazame kwa nje tu. Ndani yake mna chaji hata ikiwa imechomolewa. Ile betri ya duara, CR2032, itoe mwenyewe mapema uifungie, maana mtoto akiimeza inamuunguza koo. Mashine itasahau tarehe na labda mipangilio michache, basi.

Utamu uko kwenye ramu (RAM), ile kadi ndefu nyembamba inayoshika kazi ya sasa hivi. Wafungue vibano, waivute wima, kisha wewe uwashe bila hiyo: kioo cheusi, na mashine nyingi hulia bipu. Chomoa tena, wairudishe. Hapa ndipo wengi huharibu. Ina pengo dogo ambalo haliko katikati. Lisipolingana na jino la kwenye tundu, wageuze, wasilazimishe. Wakandamize ncha zote mbili mpaka vibano viseme ta! Ikikaa upande, bipu zinarudi na mtadhani imekufa. Meno ya dhahabu yakichafuka, sugua kwa raba ya penseli.

Na sipiyu (narudi kulekule) wasiichomoe kwenye mashine nzima. Pini zikipinda, huenda imekwisha. Omba mbovu kwa fundi, wapokezane. Halafu hilo neno "ubongo" uliloiita sipiyu linawapoteza, watadhani ndiyo inayokumbuka. Yenyewe inapiga hesabu tu. Ramu ni meza, diski (inakohifadhiwa kazi) ni kabati: umeme ukikatika, vya mezani vyote vimepotea. Tena kwa mgao huu wa umeme, somo hilo utafundishiwa bure.

Skrubu waziweke kwenye trei ya mayai, la sivyo…

Haya, una mashine ngapi? Zaidi ya watoto watatu kwa moja watagombana. Bisibisi za nyota zipo? Ramu zako ni za aina ya DDR3 au DDR4? Haziingiliani, usizichanganye. Na Mbwana, lile deni keshalipa?

Wako,
Rehema