Taarifa ya mwenyekiti: mwaka huu tumejaribu kuchangia walio hai

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Taarifa ndo hii, mnisamehe imechelewa.

Wote mnajua umoja wetu ulianza kwa ajili ya kuzikana, turubai, viti, masufuria na ile buku mbili ya kila mwezi, na kwa kuzika bwana hatuna mpinzani hapa Dar, mtu akifariki asubuhi, saa saba mchana turubai limeshasimama na wali unaiva. Sasa mkutano uliopita mama mmoja akauliza, hivi yule bibi tuliyemchangia sanda, nani alishawahi kumpeleka kupima presha? Kimya. Ndo tukakubaliana robo ya mfuko iende kwa walio hai.

Tulianza na wazee. Wengi walikuwa hawajui kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu mzee akifika miaka 60, na asiye na uwezo atibiwe bure. Katibu kazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya picha na majina, tukazungushwa wiki tatu ila vitambulisho vikatoka. Shida ikaja kwingine, mzee wetu anafika hospitali anaambiwa kumuona daktari bure lakini dawa hakuna, kanunue duka la nje, basi mfuko ukawa unalipa, na siwafichi, mwezi wa nane ulikauka kabisa.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda wanabeba wazee na wajawazito usiku kwa hela ya mafuta tu, na mimi niliyekuwa nawasema vibaya naomba radhi.

Turubai nalo Jumamosi kama hakuna msiba tunalifunga uwanjani, wazee wanacheza bao, watoto wanafanya maswali ya shule pembeni. Kuna mwalimu mstaafu anawafundisha hesabu, hataki hata soda, anasema tangu aanze kufundisha presha yake imeshuka (hilo daktari ndo ajue).

Kinamama wa kikoba walihimiza chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14, tangu 2024 ni dozi moja tu, ila wazazi wengine waligoma, eti binti hatazaa, mpaka nesi alipokuja kukaa nao barazani wakamuuliza yote yanayowatia hofu.

Tulikofeli ni kwa vijana wa kiume. Kiwanja kimejengwa fremu, mpira wanachezea barabarani, na kamati tumekaa tu tukiwapigia kelele.

Na kuna turubai lilikodishwa harusini bila risiti. Aliyelitoa anajijua, hela iwe kwa mweka hazina kabla ya mkutano.

Mkutano ni Jumapili saa kumi jioni. Kila mtu aje na kiti chake, viti vya umoja viko msibani, ile nyumba ya nyuma ya msikiti.