Shukrani kwa fundi wa Mwanga

Kaka fundi uliyenikuta Mwanga, hapa Kigoma, na pikipiki yangu, jina lako ukakataa kulitaja, asante sana. Tangu nivunjike kifundo cha mkono wa kulia, kuzungusha resi ilikuwa adhabu, hasa nikipandisha na abiria kutoka Kibirizi. Wengi walinishauri niiuze.

Wewe ulinieleza kwamba wenzetu wa Kanada, kwenye zile pikipiki za thelujini, hawazungushi kitu. Wanasukuma kikono kidogo kwa dole gumba. Kabla ya kufunga changu, uliniambia nikubonyeze kiganja kwa dole hilo, maana nalo huchoka. Springi ukaweka laini, ila si laini mno: ukiachia, lazima irudi yenyewe. Kisha ukawasha injini, ukageuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, sikio kwenye mlio. Mlio ulipopanda kidogo tu, ukajua waya wa resi unavutwa, ukafungua, ukaupitisha upya. Mafundi wangapi wangehangaika hivyo?

Hela ulichukua ya waya tu. Mungu akuzidishie. Dagaa wako wapo. Ukifika Kibirizi, ulizia bodaboda wa dole gumba.