Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Wetu wa Kufuma na Mauzo ya Sikukuu, Marangu

Shimbonyi wapendwa wanachama, akina mama, akina dada, na wale kaka zetu wa mashine ya kufumia. Poleni na majukumu na hongereni kwa kuuvuka mwaka. Nawatumia hii taarifa kabla ya mkutano mkuu ili kila mtu aje ameshaisoma, maana tukianza kusomeana pale pale muda unaisha, watu wanaanza kuangalia hiace ya kushukia Himo na mambo ya maana yanabaki njiani. Hesabu za fedha anazo mhazini, kazibandika ukutani na kwenye grupu katuma picha, kwahiyo shilingi kwa shilingi siingii huko, mimi naongelea kazi.

Kitu cha kwanza na ndo kikubwa kuliko vyote: sikukuu yetu sisi wafumaji inaanza mwezi wa saba. Mwaka huu tulikubaliana hivyo tukafanya hivyo, na ndo kilichotubeba. Najua mwezi wa saba una mambo yake, kahawa zinaanza kuiva, asubuhi uko shambani unachuma, jioni mikono imechoka na baridi la Julai mnalijua wenyewe, lakini ni baridi hilohilo linalomkalisha mtu karibu na moto na sindano mkononi. Waliofuma kidogo kidogo kila jioni mpaka Novemba ndo walioingia Disemba wana mzigo. Waliongoja Novemba wameuza pia, siwasemi vibaya, ila wameuza walichoweza kumaliza na usingizi wamekosa, tena kazi ya haraka inaonekana, ukingo wa kofia unavuta upande mmoja, mshono umeruka, mteja akigeuza ndani anaona uzi unaning'inia.

Na kwanini Disemba ni kubwa hivi kwetu kuliko kwa wenzetu wa mikoa mingine, jibu mnalo majumbani kwenu. Kuanzia tarehe 20 hivi barabara ya kutoka Dar inajaa, Wachaga wanarudi nyumbani, watoto wa Kimara na Mbezi wanashuka kwenye gari wamevaa kaptula na ndala, usiku wa kwanza tu mama yao anatafuta sweta. Halafu familia zikishakutana ndo mambo yote yanafanyika hapohapo, harusi, kipaimara, ubatizo wa mtoto aliyezaliwa Dar ila bibi kasema lazima abatizwe nyumbani. Kwahiyo zile shali nyeupe za ubatizo na seti za kichanga, yaani kofia, sweta na vile viatu vya kufuma, zimeisha mapema kuliko kitu kingine chochote. Kuna bibi mmoja alikuja pale mezani kwetu Marangu Mtoni akachukua seti mbili, moja ya mjukuu anayebatizwa, nyingine akasema "hii ya yule ambaye hawajaniambia bado". Tulicheka sana. Mteja wa namna hiyo hatafuti sweta lolote tu, anatafuta kitu cha kuwekwa kwenye sanduku na kutolewa tena mtoto mwingine akija.

Ndo maana narudia hili la ubora kwenye vitu vya watoto, na naomba msichoke. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama sentimita 35 kuzunguka, kofia ifumwe ndogo kidogo ya hapo ili ikae na uzi uvutike wenyewe. Usifume kwa macho, fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, hesabu mishono, ndo uanze, kwasababu mkono wa kila mtu ni tofauti, kuna anayevuta na kuna anayelegeza, uzi uleule sindano ileile na kofia zinatoka saizi mbili. Shanga na vifungo vidogo kwenye nguo za kichanga tuliviondoa mwaka huu na visirudi, mtoto anang'ata kila kitu, kifungo kikitoka kinaenda kooni. Tumeweka kamba ya kufuma yenyewe ya kufungia, fupi, na imependeza zaidi.

Sasa habari ya uzi, ambayo najua ndo mnaisubiri maana bei imetusumbua wote. Uzi wa dukani mwingi ni akriliki, sio sufu, hata kama mwenye duka anauita sufu. Sio mbaya, unafuliwa vizuri na mtoto haumuwashi, ila ukipigwa pasi ya moto umekwisha, unalala na haunyanyuki tena, kwahiyo kila bidhaa iende na kikaratasi cha kumwambia mteja asipige pasi. Na mkinunua, nunueni uzi wa kazi nzima kwa mara moja na muangalie namba ya loti, yaani uzi uliotiwa rangi kwa pamoja, kwenye ile karatasi, nyekundu ya loti hii na nyekundu ya loti ile dukani chini ya taa ni moja, ukitoka nayo juani unaona mstari katikati ya sweta. Mwanachama wetu mmoja imemkuta hiyo kwenye oda ya masweta ya familia, ikabidi afumue nusu ya kazi, nimemuomba ruhusa kuisema hapa ili tujifunze wote.

Lakini kilichonifurahisha mimi mwaka huu ni uzi wa Memorial, lile soko la mitumba la Moshi mjini. Tulikua tunalalamika kila mwaka kwamba mitumba ya Memorial inatuua, sweta zuri kabisa mtu analipata kwa hela ambayo hata uzi wangu hainunui, na ni kweli, kwa sweta la kawaida la kuvaa tu hatuwezi kushindana nao. Wanachama watatu wakageuza shingo, wakaanza kwenda Memorial kununua yale masweta makubwa ya sufu halisi ambayo watu hawayataki kwasababu ni mazito au yametoboka kiwiko, wakaja kuyafumua. Nimekaa nao siku nzima naangalia na nataka kila mtu ajifunze.

Unaanza na mshono wa ubavuni. Geuza sweta ndani nje, kama pembeni limekatwa na kupigwa overloki, ule mshono wa mashine wa kuzuia ukingo usifumuke, liache hapohapo, ukifumua utapata vipande vifupi vifupi visivyo na kazi. Tafuta lile ambalo kila kipande kimefumwa na ukingo wake na kikaunganishwa kwa uzi, hilo ukikata uzi wa kuunganishia linaachia mikono, mbele na nyuma, halafu kila kipande unakifumua kuanzia juu, pale ufumaji ulipoishia. Na lile lililorudi kwa kufuliwa na maji moto, limekakamaa nyuzi zimeshikana, hilo halifumuki. Kujua kama ni sufu kweli, chomoa kauzi kadogo uchome na kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu lake ukilisaga kwa vidole linapotea, akriliki inayeyuka na kuacha kijidonge kigumu, subiri kipoe kabla hujashika. Uzi ukishatoka umejikunjakunja wote, unauzungushia mgongo wa kiti, unaufunga sehemu nne ili usivurugike, unauloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, unausuuza, unautundika kivulini na kitu chepesi kikining'inia chini, hata chupa ya maji isiyojaa. Ukikauka umenyooka, unauzungusha mpira, unafuma. Ni sufu ambayo kwa duka la hapa huipati kirahisi.

Na hiyo sufu ndo imetufungulia soko la wapandaji wa Mlima Kilimanjaro. Disemba mpaka Februari geti la Marangu lina watu, na usiku wa kwenda kileleni wanaondoka kambi ya Kibo, mita 4,720, saa sita hivi usiku, huko juu ni chini ya sifuri na upepo. Kofia ya pamba ikishalowa jasho inakua barafu, sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto. Waongozaji wenyewe ndo walitushauri tuondoe ule mpira wa nyuzi tunaopenda kuweka juu, kwasababu kofia inavaliwa chini ya kofia ya jaketi na juu yake inakaa taa ya kichwani, mpira unasumbua. Tuliutoa, tukaongeza urefu wa kufunika masikio, na wapagazi wameanza kutuagiza wao kwa wao. Hawa wapagazi niwaombe tuwaheshimu kwenye bei, ni vijana wetu, wanabeba mizigo ya watu huko baridini, na ndo wanaotutangaza kuliko bango lolote.

Vitu vya urembo navyo vimekwenda, ingawa sio vyote. Heleni za shanga na mikufu imeuzwa kwa wageni zaidi, wenyeji wanasema hizo wanazikuta kila mahali. Mikoba ya kroshia wasichana wa Dar waliigombania, hasa ile midogo ya simu. Vitambaa vya makochi vimelala kidogo mwaka huu, nadhani makochi ya siku hizi watu hawafuniki, tupunguze. Ila ile alama ya jani la sale tuliyoanza kuiweka kwenye skafu na mikoba, hiyo imegusa watu. Mchaga anayekaa mbali anajua sale ni nini, ndo jani analopelekewa mtu ukienda kumuomba msamaha, ndo lililopandwa mpakani kwa babu, huhitaji kumueleza. Kuna dada anaishi Ujerumani alinunua skafu za familia nzima, na ametuma ujumbe Januari anataka nyingine. Tuendelee nayo na tuifume vizuri, jani lionekane jani.

Bei sasa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini kwasababu naona bado tunajipunja. Chukulia seti ya kichanga, uzi umenunua kwa 6,000, kamba na mfuko 1,000, ukaiuza 10,000 ukasema umepata faida 3,000. Umeifuma jioni ngapi hiyo seti? Hizo jioni zote ni 3,000? Mtu akimuita fundi kuja kutengeneza mlango anamlipa kazi yake mbali na msumari, wewe kazi yako unaitoa bure halafu unashangaa mwisho wa mwaka uko palepale. Kamati imependekeza kila bidhaa iwe na bei ya chini ya kikundi, mtu asiuze chini ya hapo hata kama ana shida ya haraka, shida ya haraka tuna mfuko wa jamii, njoo ukope tukusaidie. Na hili la mwenzako akiuza 20,000 wewe unamvuta mteja pembeni unampa kwa 14,000, jamani, limetokea, tuliache.

Mali kauli. Duka moja mjini, silitaji, lilichukua mzigo wetu wa Krismasi kwa makubaliano ya kulipa likishauza, likauza, na hela imekuja kwa mafungu mpaka tumechoka kupiga simu. Kuanzia sasa anayetaka mzigo alipe nusu mkononi na iandikwe kwenye daftari na asaini. Oda za watu binafsi pia, kianzio kwanza ndo uzi ununuliwe, hasa jina la mtoto likiwa limefumwa kwenye kofia, mteja akiikimbia utamuuzia nani.

Mkopo wa halmashauri mmeuliza wengi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi 2024, haina riba na sisi kikundi chetu kimesajiliwa kwahiyo tunaweza kuomba. Msimamo wangu ni kwamba tukiomba iwe ya mashine ya pili ya kufumia, sio ya kununua uzi. Mkopo sio hela ya sadaka, marejesho yanaanza na mashine angalau inakua inazalisha. Na mashine tunaihitaji kwasababu ya Januari: sikukuu zikiisha tu shule zinafunguliwa na masweta ya shule yanatakiwa yote kwa wakati mmoja, mwaka huu mashine moja haikulala na bado tuliwarudisha wazazi. Kazi ya mkono ibaki kwenye zawadi, masweta ya shule yaende mashine, tukichanganya hivi viwili Disemba tunaharibu vyote.

Tumempoteza pia mwanachama mwenzetu mwezi wa tisa, mnamjua, yeye ndo aliyewafundisha nusu yenu kufunga mshono wa mwisho. Sindano zake familia imetukabidhi, ziko ofisini, na kamati imekubali zitumiwe na wanafunzi wapya. Seti aliyoiacha katikati ilimaliziwa na binti yake.

Mkutano utakua na ajenda nne: bei ya chini, mashine, uchaguzi wa katibu maana aliyepo anahamia Arusha kwa mume wake na tunamshukuru sana, na mafunzo ya kufumua sufu. Kila mtu aje na sweta lake la mtumba, la sufu, lisilo na overloki, na mkasi mdogo. Wanaotaka kufundishwa glavu za vidole waandike majina kwa katibu kabla ya Ijumaa ili tujue sindano za milimita 3 tununue ngapi, na ada ya mwaka ilipwe kwa lipa namba ya kikundi, sio kwenye simu ya mhazini.