Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kuzikana, assalaam alaykum. Na wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Hesabu za michango atazisoma mweka hazina. Turubai jipya limepatikana. Sufuria mbili kubwa hazijarudi, na aliyenazo anajijua. Mimi nitasema juu ya kazi iliyotuchukulia muda zaidi: kujiuliza wakati wa korona tulizikana vipi, na likija janga jingine tufanyeje.

Serikali ilijitathmini mapema. Aprili 2021 Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, na mwezi uliofuata ikamkabidhi taarifa. Ilishauri takwimu zitolewe tena, maana zilikoma mwishoni mwa Aprili 2020, na chanjo ziruhusiwe. Julai 28 mwenyewe akachanjwa hadharani. Mambo mema, ila ni ya huko juu. Huku mtaani kwetu Ngamiani kilichotuuma ni kaburi.

Mnakumbuka 2020. Mzee wetu mmoja alizikwa usiku, wakamteremsha watu waliojifunika gubigubi, sisi tumesimama mbali kama wapita njia. Hatukuambiwa kama ameoshwa au ametayamamishwa, yaani kutoharishwa kwa udongo bila maji. Mjane wake anauliza mpaka leo. Sisemi walikuwa na roho mbaya. Waliogopa, na hakuna aliyekaa nasi kabla.

Mwaka huu tulimwalika mtaalamu wa afya, tukajifunza. Korona ilipita kwa pumzi, kwa hiyo hatari kubwa msibani ilikuwa kubanana. Homa ya Marburg, iliyotokea Kagera 2023 na tena Januari hii, hupita kwenye majimaji ya mwili, na maiti yenyewe huambukiza. Hapo anayeponzeka mwanzo ni muoshaji wa maiti. Bibi mmoja wa waoshaji wetu akauliza: "Kumbe mwaka ule mkatukataza maiti, na hatari iko kwenye sinia la wali?" Mgeni alicheka, hakukanusha. Kwa ugonjwa huo wa pili, alisema, asioshe mtu bila vifaa na maelekezo, na hilo masheikh wetu walilikubali: tayamamu ipo kwa dharura.

Basi tumenunua glovu na barakoa, na orodha ya waoshaji wetu, wanaume na wanawake, ipo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Niliandika barua muoshaji mmoja apewe nafasi humo, akaulizwe kabla ya amri, si baada ya maziko. Haijajibiwa. Ya pili naipeleka kwa mkono wangu Jumatatu saa mbili asubuhi. Anayetaka kufuatana nami asichelewe.