Maggie Smith hakufikisha miaka 90

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Makosa ya chapa nayavumilia; hata jina la mji likikosewa herufi, hunyamaza. Lakini ukurasa wa waigizaji wa Uingereza mliouchapa Jumamosi, ule wenye picha kubwa ya Maggie Smith akiwa amevaa kofia ya Profesa McGonagall wa filamu za Harry Potter, siwezi kuunyamazia. Ni ukurasa mmoja tu, na ndani yake watu wanne wamekosewa umri, mmoja kapewa tuzo ambazo hakuzipata, na kazi ya nusu karne ya jukwaani imemalizwa kwa sentensi moja.

Nianze na umri. Mmeandika kwamba Maggie Smith alifariki akiwa na miaka 90. Alifariki tarehe 27 Septemba 2024, na alikuwa na miaka 89. Kosa lilivyoingia linaonekana wazi: mwandishi kachukua 2024, katoa 1934, kapata 90, kaendelea na aya nyingine. Ila Maggie Smith alizaliwa tarehe 28 Desemba 1934, huko Ilford, Essex. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa bado miezi mitatu. Kosa hilohilo mmelirudia kwa Judi Dench, aliyezaliwa tarehe 9 Desemba mwaka huohuo: Machi 1999, alipopokea Oscar ya Shakespeare in Love, alikuwa na miaka 64, ninyi mmempa 65. Ben Kingsley alizaliwa tarehe 31 Desemba 1943. Usiku wa Aprili 1983 alipochukua Oscar ya Gandhi alikuwa na miaka 39, ninyi mmeandika 40. Anthony Hopkins naye ni wa tarehe 31 Desemba, mwaka 1937, na ninyi mmesema alipata Oscar ya The Father akiwa na miaka 84. Usiku ule ulikuwa wa tarehe 25 Aprili 2021. Alikuwa na miaka 83. Wote wanne ni wa Desemba, na wote mmewaongezea mwaka.

Mtasema mwaka mmoja si kitu. Kwa Hopkins mwaka mmoja ndio habari yenyewe, maana tuzo ile ilimfanya mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kushinda Oscar ya uigizaji. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Christopher Plummer wa Kanada, aliyeshinda Februari 2012 akiwa na miaka 82. Na Plummer pia alizaliwa Desemba, tarehe 13, mwaka 1929! Ukimhesabia Hopkins vizuri na Plummer ukamhesabia kwa kutoa miaka tu, wote wawili wanakuwa na 83, na rekodi inatoweka machoni pa msomaji.

Tena kosa halikubaki gazetini. Katika klabu ya maigizo ya shule moja ya sekondari huku kwetu, ukurasa wenu ulibandikwa ukutani, na Jumatano ukatumika kutunga chemsha bongo. Kwenye umri wa Maggie Smith alipofariki, binti wa kidato cha tatu aliandika 89. Alikuwa ameikuta tarehe kamili ya kuzaliwa kwenye kitabu, akaona Desemba haijafika, akapunguza moja. Akawekewa mkasi kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Soma gazeti." Aliyesahihisha hana lawama sana, alikuwa na karatasi yenu mkononi.

Jambo la pili ni mwaka wa tuzo. Oscar hutolewa kwa filamu za mwaka uliotangulia. The Prime of Miss Jean Brodie ni filamu ya 1969. Maggie Smith alipata Oscar kwa filamu hiyo katika hafla ya Aprili 1970. The Silence of the Lambs ni ya 1991, hafla ilikuwa Machi 1992. Kuandika mwaka wa filamu ni sawa, na kuandika mwaka wa hafla ni sawa. Kisichofaa ni kuchanganya, kama mlivyofanya: Hopkins mmemwandikia 1991, Kingsley 1983. Msomaji anayepanga matukio kwa mfuatano hajui ashike lipi. Chagueni utaratibu mmoja, mwanzoni mwa makala mseme ni upi.

Halafu kuna "kuwania" na "kushinda". Mmeandika kwamba Peter O'Toole "alitunukiwa Oscar mara nane". Aliwania mara nane, kuanzia Lawrence of Arabia ya 1962, na mara zote nane hakushinda. Mwaka 2003 akapewa Oscar ya heshima, ambayo haishindaniwi. Nadhani tatizo ni neno "aliteuliwa". Likipita mikono miwili mitatu ya wahariri linageuka "alichaguliwa", kisha "alitunukiwa", na mtu anaingia kaburini na tuzo nane ambazo hakuwahi kuzishika. Andikeni "aliwania", halina njia ya kugeuka hivyo. Na Hopkins katika The Silence of the Lambs hakushinda kama mwigizaji msaidizi, hata kama anaonekana kwenye filamu ile kwa muda mfupi tu. Alishinda kama mwigizaji bora wa kiume. Judi Dench, kwa dakika chache za Shakespeare in Love, alishinda kama mwigizaji msaidizi. Kundi la tuzo halipimwi kwa saa ya mkononi, linaangaliwa kwenye orodha ya washindi.

Vyeo navyo. "Sir Hopkins" hakuna, wala "Dame Smith". Sir na Dame hufuatwa na jina la kwanza au jina kamili: Sir Anthony, Dame Maggie. Jina la ukoo peke yake hufuata Lord. Laurence Olivier alipewa cheo cha Sir mwaka 1947, akaitwa Sir Laurence. Mwaka 1970 akawa mwigizaji wa kwanza kupewa kiti cha maisha katika Baraza la Malodi la Bunge la Uingereza, na hapo ndipo alipoitwa Lord Olivier. Tena si kila nishani huja na cheo. Mmeandika kwamba Maggie Smith alikuwa Dame tangu 1970. Mwaka huo alipewa CBE, ambayo haibadilishi namna mtu anavyoitwa. Dame alikuwa mwaka 1990, alipopewa DBE.

Sasa nije kwenye lililonikera zaidi, lile neno "kadhaa". Mmesema Maggie Smith "alicheza pia tamthilia kadhaa". Zipi? Siku hizi ukitamka tamthilia mtaani, mtu anafikiria ya kwenye runinga, yenye vipindi mia na kitu, inayooneshwa saa mbili usiku. Downton Abbey, iliyooneshwa kuanzia 2010 hadi 2015, ni tamthilia ya runinga. Mchezo wa jukwaani ni kazi nyingine kabisa. Hakuna kamera ya kukusogelea, hakuna kurudia tukio ukikosea, na mnong'ono wako lazima umfikie aliyekaa kiti cha mwisho kule juu roshani. Huko ndiko alikotoka. Alianza mwaka 1952 huko Oxford Playhouse, akiwa na miaka 17, akicheza Viola katika Twelfth Night. Mwaka 1964 alikuwa Desdemona mbele ya Othello wa Laurence Olivier, katika ukumbi wa Old Vic, ambako National Theatre ya Uingereza ilikuwa imeanzia mwaka mmoja nyuma chini ya Olivier huyohuyo. Mchezo ule ukarekodiwa kuwa filamu ya 1965, na ndiyo iliyomfanya aiwanie Oscar kwa mara ya kwanza. Mwaka 1990 alipata Tony, tuzo ya Marekani ya michezo ya jukwaani, kwa Lettice and Lovage. Filamu ya kwanza ya Harry Potter ilipotoka 2001, tayari alikuwa na Oscar mbili na Tony moja, na alikuwa ameitwa Dame kwa miaka 11. Na mwaka 2019, akiwa na miaka 84, alirudi jukwaani baada ya miaka 12, katika ukumbi wa Bridge Theatre jijini London, kwenye A German Life. Kiti kimoja, mwigizaji mmoja, takriban dakika 100 za maneno. Hebu waza: mtu wa miaka 84, hana mwenzake jukwaani wa kumdokeza mstari akiusahau, hana wimbo wa kumpa nafasi ya kuvuta pumzi, na mbele yake watu wamejaa wakisikiliza kila neno. Hilo halimo kwenye ukurasa wenu. Kofia ya McGonagall imo mara mbili.

Hata pale mlipogusa jukwaa kwa Judi Dench, hamkusema kwamba usiku mmoja wa 1996 alichukua Tuzo mbili za Olivier, za michezo ya jukwaani ya London, kwa pamoja, moja ya mwigizaji bora wa kike katika mchezo wa kawaida na nyingine katika mchezo wa muziki.

Na mkafungua makala kwa kusema hawa ni watu "wa dunia ya mbali na sisi". Mhariri, Ben Kingsley alizaliwa akiitwa Krishna Bhanji, huko Snainton, Yorkshire. Babu yake mzaa baba alikuwa mfanyabiashara wa viungo aliyehama India akaja Zanzibar. Baba yake alizaliwa Kenya, akakulia Zanzibar hadi alipofikisha miaka 14, ndipo akaenda Uingereza, na baadaye akawa daktari. Yaani mtu aliyeshika Oscar ya Gandhi ana baba aliyekulia visiwani, katika familia ya Kigujarati kama ya Gandhi mwenyewe. Na alibadili jina mwanzoni mwa kazi yake kwa kuhofia kwamba jina la kigeni lingemfungia milango ya majukwaa ya Uingereza, kisha akaja kushinda kwa kumcheza Mhindi. Hiyo ni habari ya kuwekwa aya ya kwanza katika gazeti la Kiswahili, nanyi mmeandika "mwigizaji wa Kiingereza" mkapita. Usiku uleule wa Aprili 2021 Hopkins aliposhinda, alishinda pia Daniel Kaluuya, mwigizaji msaidizi bora, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Uganda, ambaye mwaka 2010 alicheza bondia katika Sucker Punch jukwaani pa Royal Court kabla Hollywood haijamjua. Hamkumtaja kabisa. Judi Dench mwenyewe alifika Afrika mwaka 1963 na kundi la Nottingham Playhouse, akacheza Lady Macbeth huko Nigeria, Ghana na Sierra Leone. Hao ndio watu wa mbali na sisi?

Hapohapo niseme na hili la "Mwingereza". Hopkins ni mtu wa Port Talbot, Wales. Sean Connery alikuwa wa Edinburgh, Scotland. Kenneth Branagh alizaliwa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Kiswahili kina neno moja, Uingereza, kwa England na kwa ufalme wote, hilo linaeleweka. Basi ongezeni neno "wa Wales" au "wa Scotland" mbele ya jina. Ni maneno mawili tu.

Ninachoomba ni hiki. Chukueni karatasi ya A4, ikateni katikati, chora safu sita: tarehe kamili ya kuzaliwa, tarehe kamili ya tukio, mwaka wa filamu au mchezo, mwaka wa hafla, aliwania au alishinda, cheo na mwaka wake. Ibandikeni kando ya kompyuta ya mhariri wa ukurasa wa burudani. Mwaka peke yake usikubaliwe katika safu mbili za kwanza. Lazima siku na mwezi viwepo, na siku ya kuzaliwa ikiwa haijafika katika mwaka wa tukio, mnapunguza moja. Chini ya safu acheni mstari wa kujaza wazazi walitoka wapi.

Kisha chapeni masahihisho Jumamosi ijayo, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, si kwenye kile kisanduku cha chini karibu na matangazo ya vifo. Umri wa wote wanne uwemo, O'Toole arudishiwe sifuri yake, na Zanzibar iandikwe. Klabu ile ya maigizo iko tayari kuubandika juu ya ule wa kwanza, na yule binti bado anasubiri alama yake.

Msomaji wenu,
Tanga