Haki ya kujilinda inaishia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo linaweza kumpeleka gerezani mtu asiyejiona mhalifu hata siku moja.

Hapa kwetu Busia, upande wa Uganda, mwizi mwenye panga aliingia usiku wa manane nyumbani kwa jirani yangu, naye jirani akamkabili kwa mchi wa kinu na kumpiga mkono mpaka panga likaanguka. Nilipofika na tochi, mwizi alikuwa ameshakimbilia uani na shati lake limenasa kwenye seng'enge. Hakuwa na silaha tena, alikuwa akiomba asamehewe, na hapo ndipo vijana walipoanza kuokota mawe. Namshukuru mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliyesimama mbele yao mpaka mtu yule akafikishwa polisi akiwa hai.

Kisheria, pigo la ule mchi na yale mawe ni mambo mawili tofauti kabisa. Kanuni yetu ya Adhabu, ambayo katika suala hili inafuata misingi ya sheria ya Uingereza, inamruhusu mtu kutumia nguvu kujilinda, kumlinda mwenzake au kulinda mali yake, mradi nguvu hiyo iwe ya lazima na isipite kiasi cha hatari iliyopo. Hata kuua kunaweza kuhalalishwa, kama Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilivyoeleza mwaka 1963 katika kesi ya Selemani, iwapo shambulio ni zito kweli na aliyeshambuliwa aliamini, kwa sababu za msingi, kwamba hakuwa na budi. Wala mahakama haimpimi kwa mizani ya sonara mtu aliyekurupushwa usingizini, na ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba hakuwa akijilinda. Lakini hatari ikishapita, haki hiyo nayo imekwisha. Anayempiga mawe mtu aliyenaswa kwenye seng'enge analipiza kisasi, na akifa, shtaka ni la mauaji, ambalo adhabu yake ya juu kabisa nchini mwetu ni kifo.

Kulipokucha, jirani alitaka kuuficha mchi na kukimbilia kwa shemeji yake, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Nilimsihi aende kituoni aandikishe maelezo, kwa sababu kutoroka kungemfanya ashukiwe bure.

Naomba polisi wanaohudhuria mikutano ya vijiji waifafanue sheria hii kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso, na waanze na vijana wanaolinda usiku.

Mkazi wa Busia,
Uganda