Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Mkoa wa Puglia: Mashamba Yasiyo na Mtu

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Salento, kule chini kabisa kwenye kisigino cha Italia. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu wasomaji wangu wako Malindi, Mombasa na Tanga, na wengine wametawanyika huku huku Ulaya. Nakala ya Kiitaliano utaipata. Kwa wasiojua, ninayemwandikia huitwa assessore, na kazi yake ni kama ya waziri wa kilimo wa kaunti kwetu Kenya, ila mkoa wake una mizeituni ipatayo milioni 60, au tuseme ulikuwa nayo. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mji ambao muuza vinyago anakutajia bei kwa Kiitaliano kabla hujafungua mdomo. Niliolewa huku kama wengi wa kwetu, na shamba nitakalolitaja ni la ukoo wa mume wangu.

Ombi langu ni moja, nalo linahusu magugu.

Habari za ugonjwa unazijua kuliko mimi, lakini waungwana wanaosoma wanahitaji kuzisikia. Oktoba 2013 ilithibitishwa kwamba mizeituni iliyokuwa ikikauka karibu na Gallipoli, mji wa bandari wa hapa Salento, imeingiwa na bakteria anayeitwa Xylella fastidiosa. Watafiti wanaamini alifika na mche wa kahawa wa mapambo kutoka Costa Rica. Anakaa ndani ya mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini, anaiziba, na mti unakufa kwa kiu hata mvua ikinyesha. Dalili huanzia juu. Ncha ya jani inageuka kahawia, kahawia inashuka kwa ukingoni, linafuata tawi zima, halafu tawi jirani, mpaka kilele chote kinakuwa kijivu. Kisha, pale chini kwenye shina, yanatoka machipukizi ya kijani kwa wingi, na mwenye shamba anapata moyo. Baba mkwe wangu alikuwa akiyapunguza kwa mkasi, anabakiza mawili matatu yaliyonyooka, anayafunga kwa kamba ya katani yasivunjwe na upepo. Nayo yakakauka. Makadirio yanayotajwa sana ni miti milioni 21 iliyokwisha katika mikoa midogo ya Lecce, Brindisi na Taranto, na ugonjwa umeshabisha hodi upande wa Bari.

Bakteria huyu hana miguu. Anabebwa na mdudu mdogo, na huyo mdudu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Machi na Aprili, ukiinama kwenye nyasi za shambani, utaona povu jeupe limeganda pale jani linapokutana na bua, mtu anaweza kudhani kuna mpita njia ametema mate. Lipanguse kwa kidole. Ndani yake kuna kidudu chenye rangi ya njano iliyochanganyika na kijani, laini, kisicho na mbawa bado, kinafyonza utomvu wa nyasi kikijikinga na jua kwa povu lake chenyewe. Kikiwa hapo hakiwezi kuruka wala kukimbia. Nyasi ikigeuzwa chini kwa jembe au trekta wiki zile, kinakufa hapo hapo. Mei ikifika kimeshapata mbawa, nyasi zimekauka, na kinahamia mzeituni. Kikifyonza mti mgonjwa kinabeba ugonjwa, na kuanzia hapo ni kukimbizana na kitu kinachoruka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, katika vita hivi ambavyo karibu fedha zote hutajwa kwa mamilioni, kuna kinga ya bei ya mafuta ya trekta. Na amri ipo. Kila majira ya kuchipua mkoa wako unamtaka mwenye shamba alime au afyeke magugu, na asiyetii hupigwa faini. Sina ugomvi na amri hiyo. Swali langu ni hili: inatiiwa na nani pale ambapo hakuna mtu?

Njoo utembee nami kutoka Presicce hadi Specchia kwa njia za ndani, siyo kwa barabara kuu. Pande zote mbili kuna kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, ufundi ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake mwaka 2018 pamoja na wa nchi nyingine kadhaa, zikiwemo Kroatia na Ugiriki. Nyuma ya ukuta mmoja kuna shamba limelimwa, udongo mwekundu umegeuzwa, miche mipya imefungwa vijiti. Nyuma ya unaofuata magugu yanafika kiunoni na mizeituni imesimama imekufa, matawi hayajaguswa miaka. Ukuta wa tatu umelimwa. Wa nne, magugu tena. Yule aliyelima amelima bure, kwa sababu mdudu hajui mpaka wa urithi.

Mwenye shamba lile la magugu yuko wapi? Yuko Torino, au Uswisi, au Ubelgiji, ambako babu yake alikwenda kuchimba makaa ya mawe. Mzee alipofariki shamba liligawanywa kwa watoto, wao wakafariki likagawanywa kwa wajukuu, na leo kipande kisichofika nusu ekari kina warithi kumi na kitu ambao baadhi yao hawajawahi kuonana. Hata wakipenda kulima, hawajui mpaka wao uko kwenye mti gani. Wenzangu wa Pwani watanielewa haraka. Mambo ya ardhi ya ukoo yasiyogawanywa tunayajua. Kumpelekea mtu wa namna hii faini ni kuipelekea posta kazi.

Na kiangazi kikifika, mashamba hayo yanawaka. Mti uliokauka pamoja na nyasi iliyokauka hauhitaji zaidi ya kichungi cha sigara kilichotupwa kutoka kwenye gari. Moto unaruka ukuta, unaingia kwa aliyelima, na kuna kiangazi ambacho moshi ulitufanya tufunge madirisha mchana kweupe wakati wageni wako pwani wanapiga picha za bahari.

Naomba niseme kidogo ni kitu gani kinachokufa, maana wasomaji wangu wengi wanaijua zeituni ya kwenye kopo tu. Vijiji hivi vilijengwa na mafuta. Chini ya barabara za Gallipoli na Presicce kuna vinu vilivyochongwa ndani ya mwamba, ambamo nyumbu alizungusha jiwe la kusagia kwenye giza na wanaume walilala humo humo msimu mzima, kuanzia vuli mpaka karibu na kiangazi, kwa sababu joto la chini ya ardhi lilisaidia mafuta yatiririke. Mengi hayakuwa ya kula. Yalikuwa ya kuwashia taa. Yalihifadhiwa kwenye mabirika yaliyochimbwa mwambani hadi yakachujika, halafu meli zikayabeba kutoka bandari ya Gallipoli kuelekea London na St Petersburg, kabla ya gesi na mafuta ya ardhini kuiua biashara hiyo. Makanisa ya mawe ya njano ambayo watalii wanayapiga picha leo yana deni kubwa kwa punje ile ndogo nyeusi.

Na mafuta ya kula nayo, usiyachukulie kuwa kitoweo cha ziada. Jioni za joto huku watu hawapiki. Wanatoa frisa, mkate wa shayiri au ngano uliookwa, ukapasuliwa kwa uzi, ukarudishwa tanurini mpaka ukakauka kabisa. Unauchovya kwenye maji kwa muda wa kuhesabu tatu au nne (ukizidisha unameguka, na mama mkwe atasema), unausugulia nyanya iliyokatwa nusu mpaka ibaki ganda, unatia chumvi na oregano iliyokaushwa juani, halafu mafuta bila ubahili. Bila mafuta hayo kilichopo mezani ni mkate mkavu na nyanya. Zamani kila nyumba ilikuwa na yake kutoka miti yake, na kinu cha kijiji kilikamua usiku kucha kuanzia Novemba. Siku hizi tunanunua chupa dukani, tukisoma kwa nyuma yametoka wapi, na mara nyingi yametoka kwingine.

Aina mbili za asili za hapa, Ogliarola salentina na Cellina di Nardò, ndizo zilizoumia zaidi. Nembo ya mafuta ya eneo hili, Terra d'Otranto, ambayo Ulaya iliitambua mwaka 1998, ilijengwa juu yake. Kwa miaka mingi aliyetaka kupanda upya katika eneo lililoathirika aliruhusiwa aina mbili tu, Leccino yenye asili ya Toscana na FS-17 ambayo huuzwa kwa jina la Favolosa. Hizo nazo huambukizwa, lakini hustahimili. Naelewa sababu. Ila nikiona uwanda mzima umepandwa aina moja, mistari iliyonyooka, miti midogo iliyosongamana ili mashine ipite, najiuliza itakuwaje siku akija mgeni mwingine anayeipenda Favolosa.

Kuna wakulima upande wa Gagliano del Capo na kwingineko ambao wamechukua njia nyingine: wanakata matawi ya mti wa kale na kupandikiza vikonyo vya aina inayostahimili juu ya shina lile lile. Mkulima wa maembe wa Kilifi hatashangaa hata kidogo; ndivyo anavyoligeuza boribo kuwa embe la soko bila kung'oa shina la babu yake. Huku nako shina linabaki, mizizi ya karne nyingi inabaki, na ukuta unaouzunguka haubomolewi kupitisha mashine. Si kila mti unapona kwa njia hii, nakubali. Lakini mkoa uliotunga sheria ya kulinda mizeituni ya kale mwaka 2007 hauwezi kuiacha kazi hiyo kwa wachache wanaoifanya kwa fedha zao. Kule Ostuni na Fasano, kwenye uwanda wa miti mikubwa ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia, muda bado upo.

Sitaki kurudia mabishano ya zamani. Mwaka 2015 ukataji wa miti uliokusudiwa kuzuia ugonjwa ulisimamishwa na waendesha mashtaka wa Lecce, wanasayansi wakachunguzwa kana kwamba wao ndio walioleta ugonjwa, na kesi ikafutwa mwaka 2019. Mwaka huo huo wa 2019 Mahakama ya Ulaya iliitia Italia hatiani kwa kuchelewa kuzuia ueneaji. Katikati ya hayo mdudu alipata majira kadhaa ya kuchipua bila bughudha. Nami nawalaumu wote waliotuambia ugonjwa huu ni uzushi, wakiwemo baadhi ya majirani ninaowapenda.

Sasa ninachoomba. Italia ina sheria ya mwaka 1978 inayoruhusu ardhi iliyoachwa bila kulimwa kupewa wanaotaka kuilima. Itumie, na uanzie kwenye vipande hivi vidogo. Kila manispaa iorodheshe mashamba yasiyolimwa. Tangazo libandikwe na lipelekwe kwa warithi wanaofahamika. Wakinyamaza, manispaa itume trekta mwezi wa Machi na gharama iandikwe kwenye shamba lenyewe, ilipwe siku litakapouzwa au kurithiwa. Hakuna anayenyang'anywa hatimiliki. Na mashamba yakiendelea kukaa hivyo, yaazimwe kwa miaka ya kutosha mti kuzaa. Mtu hawezi kupanda mzeituni kwa mkataba wa miaka miwili.

Yaazimwe kwa nani? Hapa najua kuna watakaokunja uso. Kila kiangazi Nardò hujaa vibarua kutoka Sudan, Ghana, Senegal na Mali. Waswahili ni wachache, lakini ni ndugu zetu. Wanavuna matikiti na nyanya kwenye jua ambalo mwaka 2015 lilimuua Mohammed Abdullah wa Sudan akiwa kazini. Mwaka 2011 waligoma kwenye kambi ya Masseria Boncuri wakiongozwa na Yvan Sagnet, mwanafunzi wa uhandisi kutoka Kameruni, na mwaka huo huo unyapara, yaani mawakala kuwakodisha vibarua na kuwanyonya, ukaingizwa kwenye sheria ya jinai kama kosa. Sheria nambari 199 ya mwaka 2016 ikaongeza makali. Wengi wao ni watoto wa wakulima. Wanajua kufyeka, kupandikiza, kupanga mawe. Tuna mashamba yasiyo na watu, na umbali wa dakika chache kwa gari tuna watu wasio na shamba wanaolala kwenye mabanda. Ushirika ambao vijana wa kijiji na vibarua hawa wanaazimwa ekari chache kwa pamoja, mwenye shamba akipata sehemu ya mafuta, haungekuwa sadaka kwa mtu yeyote.

Mwaka 2020 serikali ilitenga euro milioni 300 kwa kufufua mizeituni ya Puglia. Katika awamu zijazo, tenga fungu la kulima magugu kwenye mashamba yaliyoachwa, na fungu la kupandikiza miti ya kale, kwa fomu ambayo mzee wa miaka themanini anaweza kuijaza mezani kwake bila kukodi mtaalamu.

Jibu lolote, liwe la kukubali au la kukataa, naomba litufikie kabla ya Machi, ili tujue kama tuchangishane mafuta ya trekta sisi wenyewe.

Wako mwaminifu,

Mzaliwa wa Malindi, mkazi wa Salento